Chumba Kisicho na Watazamaji

Barabara ya Huanshi ya Kati, ghorofa ya tisa,
Guangzhou.

Kwa mpwa wangu Kuluthumu, Msimamizi Mkuu wa Ujenzi, Pongwe, Tanga.

YAH: NYUMBA YANGU KUGEUZWA UKUMBI WA MAIGIZO

Natumai barua hii itakukuta mzima, na saruji imekauka. Video ya nyumba uliyonitumia nimeitazama mara nne, na kwa heshima zote nina malalamiko.

1. Ngazi. Inapanda katikati ya sebule, pana kama ya kumteremshia bibi harusi. Mimi nina miaka sabini na mmoja na goti bovu.

2. Milango. Imepangwa mstari mmoja, hivyo aliyesimama getini anaona sebule, meza ya chakula, hadi beseni la kunawia. Nimesoma kwamba Uingereza, miaka mia nne iliyopita, maigizo yalichezwa katika kumbi za mabwana, na majukwaa yakaiga milango yao miwili na roshani iliyo juu yake. Kisha nyumba nazo zikaiga majukwaa: mchoraji wa mandhari ya maigizo ya ikulu akachora na ramani za makazi, na vyumba vikafuatana kama mandhari nyuma ya pazia. Lakini wale walikuwa na mfalme wa kutazama. Sisi tuna jirani, Bi Bertila.

3. Roshani. Haina mlango. Fundi Joachim alinieleza kwenye simu kuwa hiyo ni ya kuonwa kutoka barabarani. Mwanakhamis, anayetupikia pilau hapa chini, alichungulia video akanishauri niuze tiketi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilimuuliza Joachim nitalala wapi. Akaielekeza simu kwenye ukuta mtupu wa nyuma, akasema, "Mzee, huku nyuma nani ataona?"

Mpwa wangu, hata waigizaji wale walikuwa na chumba nyuma ya jukwaa, cha kuvulia taji na kukanda miguu. Mimi nimeigiza huku miaka thelathini na minne: mwanafunzi wa ukubwani, mkalimani wa wanunuzi wa viatu pale sokoni Liuhua, mtu asiyekumbuka kwao. Naomba chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, ambacho mgeni hakioni. Ikishindikana, niandikie mapema maneno yangu katika mchezo huo, niyakariri kwenye ndege.

Mfikishie mama yako salamu, na watoto, na mafundi wote hadi mchanganya zege.

Ni mimi mjomba wako, ninayekutegemea,
Khalid

N.B. Mwambie Joachim asikijenge hicho chumba. Watu wakiniuliza kwa nini sirudi, huwa nawajibu kwamba kwetu sina pa kulala, na sijatafuta jibu jingine.