Gari Jepesi la Mzee Useni

Mjanja haamki na mpango. Huamka na njaa kama sisi wengine, akanawa uso, akatoka kwenda kutafuta mjinga. Mpango humjia akishampata.

Guylain alimpata wa kwake Jumatatu asubuhi, mtaa wa Murara mjini Goma, mbele ya geti la mabati lililoachwa wazi. Alikuwa juu ya pikipiki yake nyekundu, kitu alichokipenda kuliko vyote duniani. Mama yake mzazi alishika nafasi ya pili, tena kwa mbali. Ndani ya ua aliona gari la michezo la Kijapani, milango miwili, usukani kulia, umri wake miaka thelathini na ushee. Kando yake mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na kitambi cha heshima alikuwa akilipangusa kwa shati kuukuu huku akiliimbia.

Huyo ndiye Mzee Useni. Miaka thelathini aliendesha malori ya samaki kutoka Vitshumbi, akanunua lori lake, akanunua na la pili, kisha uzeeni akapatwa na ugonjwa wa mashindano ya magari. Ugonjwa huu huwapata wanaume wa umri ule wenye fedha. Maskini wa umri ule huugua mgongo.

Alikuwa amejiunga na Klabu ya Marafiki wa Usukani, yaani wafanyabiashara kumi na wawili ambao kila mwezi hukutana upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, kujifanya vijana. Gari huondoka moja moja, hupanda kilima, huzunguka, kisha huteremka mbio hadi mstari uliochorwa hatua chache tu kabla ya maji. Saa ndiyo huamua. Zawadi ni dume la ng'ombe linalotolewa na Éphraïm, mfugaji wa Masisi. Kwa kuwa Éphraïm mwenyewe ndiye aliyeshinda mara zote nne, dume hilo lilikuwa limeletwa kwa fahari mara nne na kurudishwa nyumbani mara nne. Mzee Useni alilitamani hadi akaliota.

Guylain alizima pikipiki, akavaa uso wa msiba.

"Jambo, muzee. Hii gari ni yako?"

"Ni yangu. Juu ya nini?"

"Miye ni ingénieur wa magari ya course, ya mashindano. Nilitengeneza Kampala, nikatengeneza Bujumbura. Nikiona gari kama hii, machozi inataka kutoka."

"Ya furaha?"

"Ya huruma, muzee. Iko muzito sana."

Hapa lazima tuseme ukweli kwa heshima yote inayostahili: kitu pekee ambacho Guylain aliwahi kukifungua kwa spana ni chupa ya bia. Lakini alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akamweleza mzee kwamba Éphraïm hashindi kwa injini wala kwa ufundi. Anashinda kwa sababu gari lake halibebi upuuzi. Kiti cha abiria ni upuuzi. Viti vya nyuma ni upuuzi. Redio, zulia, kiyoyozi, gurudumu la akiba, vyote ni mizigo ya watu wanaokwenda harusini.

"Weye ulibeba samaki, muzee. Unajua lori tupu inakimbia namna gani."

"Ile najua," mzee alisema, akashika kidevu. "Na hii bitu utaweka wapi?"

"Nitatupa, muzee."

"Utupe mbali," alisema Mzee Useni. "Nisiione tena."

Guylain alitaka kucheka, akakohoa. Mpango wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata yeye aliuonea wivu: mzee angemlipa kwa kumvua gari lake nguo, kisha yeye angeziuza nguo zenyewe. Malipo ya kazi yangetolewa Jumapili, baada ya shindano, mbele ya klabu nzima.

Kwa kuwa hakujua skrubu hulegezwa kwa upande gani, alimkodi fundi Kambere wa gereji ya jirani, mtu mkimya ambaye huuliza swali moja kwa siku. Jumanne vilitoka viti. Jumatano vilitoka redio, zulia, kiyoyozi na gurudumu la akiba. Kila mzigo Guylain aliufunga nyuma ya pikipiki na kuupeleka kwenye duka la vipuri vya mitumba la Mama Sumaya, mitaa miwili kutoka pale.

Mama Sumaya alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mtandio wa kijani na macho ya kupima. Ni mtu wa familia za zamani za Murara, zile zilizotoka Maniema na biashara zao, na katika familia hizo salamu si neno moja. Utaulizwa umeamkaje, nyumbani wameamkaje, wazazi wako ni akina nani na wanakaa wapi. Kisha nawe unauliza vivyo hivyo, na mpaka mmalize mnajuana hadi makaburi. Biashara huja nyuma.

"Karibu, kaka. Habari ya nyumbani? Bazazi bako bazima? Weye ni mutoto wa nani?"

"Mama, salamu tuache," Guylain alimkata, akishusha kiti cha abiria. "Miye ni mutu wa haraka. Angalia siège hii, ni ngozi kabisa."

Mama Sumaya alimtazama, kisha akakitazama kiti kwa muda mrefu. Akanunua kwa bei ya chini. Siku ya pili alianza tena salamu, Guylain akamkata tena. Alijiona mtu wa kisasa. Haraka yake hiyo ndiyo iliyomla, lakini tusimwambie bado.

Wakati huo huo Kambere, ambaye hakuweza kuvumilia kusikia injini ikikohoa, alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akazikaza springi na kuchagua matairi manne yenye meno. Hakuna aliyemtuma. Guylain alisimama kando mikono mfukoni, akatingisha kichwa kama profesa, na mzee alipopita akasema, "Unaona namna ninafanya kazi?"

Alhamisi ilifika zamu ya kitu alichokitaka tangu mwanzo: breki za mbele. Zilikuwa kubwa, nzima, za aina isiyopatikana tena mjini. Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, Guylain alimwamuru Kambere azitoe na kufunga nyingine zilizotoka kwenye teksi iliyokufa kwa uzee; zile nzuri zikaenda kwa Mama Sumaya.

Kambere aliuliza swali lake la siku. "Hii haishike. Atasimama na nini?"

"Course ni kukimbia," Guylain alisema. "Kusimama ni mambo ya batu ya bus."

Mara nyingi tumesikia watu wakisema mjanja hana ubaya, anachekesha tu. Basi wakumbuke maneno hayo. Alikuwa anampeleka mzee wa watu ziwani bila breki, na usiku ule akalala fofofo.

Ijumaa alasiri Mzee Useni alikuja uani na wanachama wanne wa klabu. Wakalizunguka lile gari tupu, wakagonga bodi, wakasikiliza injini, wakatazamana. Kabla hawajaondoka kila mmoja alikuwa amemwomba Guylain amtengenezee na lake. Magari manne! Guylain aliona viti, redio na breki zikipanda pikipiki yake hadi mwisho wa mwaka.

"Na kesho kutwa," mzee alitangaza, akimshika bega, "ingénieur wangu atapanda na miye."

"Kupanda wapi, muzee?"

"Mu gari. Kwetu ku route ya Vitshumbi ni vile. Fundi mwenye kugusa frein, hizi breki, anapanda na frein yake ku safari ya kwanza. Kama anakataa, tunajua." Akacheka kwa upole. "Weye hauwezi kukataa. Weye ni ingénieur."

Wanachama wanne walimpigia makofi. Guylain alitabasamu meno nje. Mtu mwenye akili angevuka mpaka kwenda Gisenyi jioni ile ile. Lakini kulikuwa na malipo ya Jumapili, na kulikuwa na magari manne, na tamaa ikimshika mtu humfunga miguu kabla ya macho.

Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni kwa Mama Sumaya.

"Karibu, kaka. Habari ya nyumb..."

"Mama, zile frein! Nipe zile frein!"

"Ah, zile?" Mama Sumaya alirekebisha mtandio. "Iko mutu mwingine anazitaka. Anakuja saa tatu."

"Nitakurudishia feza yako yote!"

"Feza yangu ni ya kwangu. Unaongeza nini?"

Guylain alitaja saa yake ya mkononi. Mama Sumaya aliitazama kwa huruma. Guylain akataja simu yake. Mama Sumaya akaanza kupanga misumari. Kisha macho yake, taratibu kabisa, yakaenda nje ya mlango, yakatua juu ya kitu chekundu.

"Ile hapana," Guylain alisema. "Mama, ile hapana."

"Basi, nenda muzuri. Saa tatu ni karibu."

Alifikiria ule mteremko. Alifikiria maji ya Lac Vert, ambayo watu husema hayajulikani mwisho wake. Akatoa ufunguo mfukoni, akaubusu, akauweka mezani. Ningependa kumwonea huruma, lakini breki hizo alizitoa mwenyewe.

Kambere alizirudisha bila kuuliza swali, kwa malipo ya simu na saa ya mkononi.

Jumapili klabu yote ilikuwa Lac Vert, na dume limefungwa kwenye kichaka, likitafuna kwa utulivu wa mwenye kujua litarudi nyumbani. Éphraïm aliondoka kwanza kwa gari lake la njano, lenye viti vyote, redio ikiimba na mazulia mapya. Guylain alipoona hayo aligeukia upande mwingine. Alikuwa amemdanganya mzee kila neno kuhusu gari lile, na hakuwahi hata kuliona.

Zamu yao ilipofika, Mzee Useni alifunga mkanda. Guylain hakuwa na mkanda wala kiti, kwa kuwa kiti alikwisha kukiuza. Alikalia kreti ya bia iliyogeuzwa, kafungwa kwa kamba ya kufungia magunia.

"Uko muzuri, ingénieur?"

"Niko muzuri, muzee. Tuende pole pole."

Mzee aliendesha kama mtu anayekimbiza samaki wasioze. Walipanda, wakazunguka, wakaanza kuteremka, na Guylain akagundua jambo ambalo hakulitegemea: maneno yake yote ya uongo yalikuwa kweli. Gari jepesi lilikimbia kupita kiasi. Kila jiwe la volkano lilimpiga kupitia kreti. Alipoyaona maji yakija, alimwita Mungu, akamwita mama yake, aliyepanda ghafla hadi nafasi ya kwanza. Mzee alikanyaga breki. Zikashika. Gari likasimama juu ya mstari, pua ikinusa ziwa.

Walikuwa wamemshinda Éphraïm kwa sekunde kumi na moja. Mfugaji alikataa kuamini hadi saa ilipoletwa mbele ya macho yake, kisha akaenda kuliaga dume lake kwa kweli safari hii.

Mzee Useni alisimama mbele ya klabu. "Batu banasema gari inashinda na dereva. Uongo. Inashinda na fundi. Na fundi yangu njo huyu." Akamvuta mbele Kambere. Wanachama wanne wakamzunguka Kambere, kila mmoja akitaja gari lake. Guylain alibaki na mkono hewani, tayari kwa kupongezwa.

"Na miye, muzee? Malipo yangu?"

"Yako iko nyumbani," mzee alisema, akimkabidhi kamba. "Nifikishie huyu ngombe, utaikuta."

Basi Guylain, mtu wa haraka, alitembea kutoka Lac Vert hadi Murara na dume ambalo halikuwa na haraka yoyote. Alipitwa na pikipiki zote za Goma. Waliomfahamu walimpigia honi.

Alasiri alisukuma lile geti la mabati. Uani redio ya gari ilikuwa ikicheza muziki. Gurudumu la akiba, zulia na kiyoyozi vilikuwa vimepangwa ukutani. Kwenye viti vya ngozi, chini ya kivuli, walikaa watu wawili wakinywa chai: Mzee Useni, na mwanamke mwenye mtandio wa kijani. Nyuma yao, ikiwa imeoshwa hadi inameta, ilisimama pikipiki nyekundu.

"Baba," mwanamke alimwambia mzee, "mugeni wetu amefika."

Guylain aliiachia kamba ya dume. Siku tatu alikuwa akimuuzia binti vitu vya baba yake.

"Toka siku ya kwanza nilitaka kukuambia," Mama Sumaya alisema. "Hiyo njo mambo tunaambiana ku salamu." Akamsogezea kwa mguu kreti ya bia. "Kaa. Leo hauna haraka."

Guylain akakaa.

"Habari ya nyumbani, kaka?"

"Muzuri, mama."

"Bazazi bako bazima?"

"Bazima, mama."

"Weye ni mutoto wa nani?"

Akamtaja baba yake, akamtaja babu yake, akataja na kijiji. Mama Sumaya alisikiliza yote hadi mwisho, kama inavyotakiwa, akanywa chai.

"Na ile pikipiki yako, iko nzima?"

Guylain akautazama ufunguo wake, sasa umefungwa kwenye ncha ya mtandio wa kijani.

"Iko nzima, mama."