Mhariri Mkuu wa Buhongwa

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na kama nimeongopa hata nukta, ziwa hili likauke leo nikiwa nimesimama katikati.

Mashimba alikuwa na duka la fotokopi Buhongwa: mashine moja, ulimi wa mashine tatu. Asubuhi moja akaingia Daktari Chenge, mhadhiri wa chuo, kutoa nakala ya makala yake juu ya ukaushaji wa dagaa. Miaka minne alishinda na dagaa, mpaka paka wa mtaani wakawa wanamsindikiza. Akalalamika kwamba asipochapisha kwenye jarida la kisomi, cheo atakisikia kwa jirani.

Mashimba akaacha kubana karatasi. Riziki ikiingia dukani kwa miguu yake, kuifukuza ni dhambi.

"Daktari, unajua uko mbele ya nani? Mhariri Mkuu, Jarida la Kimataifa la Sayansi Zote."

"Zote?"

"Hata ambazo hazijagunduliwa, bosi. Laki tano tu, Jumatatu dunia nzima inakusoma."

"Na wataalamu wa kuihakiki kwanza?"

"Wawili. Mabingwa! Hawalali."

Chenge akalipa palepale. Mtu anayetaka cheo hana masikio.

Ijumaa akaenda kutamba maktaba ya chuo, kwa Dorotea, mkutubi anayewasaidia walimu kuchapisha kazi zao bila kupigwa hela. Dorotea akafungua tovuti ya jarida, akaguna.

"Daktari, ofisi iko London na Tokyo, namba ya simu ya Buhongwa?"

"Nimeliwa?"

"Hela ndiyo umeliwa. Msiba ni makala. Ikitoka humu Jumatatu, hakuna jarida la maana litakaloipokea tena. Na yapo majarida mazuri, watu wanasoma bure, na wewe hulipi hata senti!"

Chenge akampigia Mashimba palepale, kisha akakaa kama gunia. "Miaka minne, Dorotea! Nimemwomba airudishe, anasema iko mitamboni."

"Basi usiombe. Mwambie unamletea toleo lililorekebishwa."

Dorotea akaandika mpaka chai yake ikapoa. Kurasa sita, majedwali, marejeo, kila kitu. Sasa, Mashimba hakuwahi kusoma alichochapisha. Yeye alipima urefu wa kichwa cha habari tu. Hiki kilikuwa kirefu: *Uchambuzi wa Uhariri Usio na Usomaji katika Kanda ya Ziwa: Mfano wa Duka Moja la Fotokopi, Buhongwa.*

"Kazi nzito hii," akamwambia Chenge aliyeileta, akaiweka mahali pa ile ya dagaa.

Jumatatu ikatoka. Ukurasa wa pili, picha yake kaegemea mashine. Wa tatu, bei zake. Wa nne, namba yake ya simu. Kufika saa sita, kila mwalimu aliyewahi kuliwa anapiga. Mashimba akaingia maktaba analoa jasho.

"Dada, itoeni hiyo kitu!"

"Mhariri Mkuu si wewe, kaka?"

"Kwangu nimeshaifuta! Ninyi mmeweka nakala yenu!"

"Tunahifadhi kazi za walimu wetu. Kuitoa kuna utaratibu: wahakiki wawili, wiki sita. Au andika hapa kwamba makala ya dagaa hukuichapisha na huna haki nayo, halafu rudisha hela za watu."

Mashimba akaandika, akasaini, akaanza kurusha hela kwa simu. Kwa Chenge, aliyesimama pembeni, zikafika laki nne na nusu.

"Hamsini iko wapi?" akauliza Dorotea.

"Mhakiki wa kwanza ni mimi mwenyewe, nimerudisha. Hamsini alichukua wa pili." Akaelekeza kidevu kwenye meza ya magazeti ya bure, ambako mstaafu mmoja alikuwa amefunika uso kwa ukurasa wa michezo.

Dorotea akaja taratibu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba," nikaitika, kabla akili haijafika. Profesa! Mimi niliyestaafu kukata tiketi za kivuko!

"Na makala ya dagaa uliionaje?"

"Niliandika, 'Wazuri, wakaangwe.'"

Maktaba nzima ikasahau kwamba kelele haziruhusiwi. Nikatoa simu, nikamrushia Chenge elfu hamsini.

"Na ada ya kutolea, Profesa," akasema Dorotea.

Nikaweka na ya kutolea.