Malalamiko Kuhusu Mchuzi Unaofika Salama

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kusafirisha Vyakula kwa Ndege,
Ghala la Baridi, Uwanja wa Ndege.

Ndugu Meneja,

YAH: HASARA MLIYONITIA KWA KUTOHARIBU CHAKULA CHANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umevaa koti zito kama wenzako wote hapo ghalani. Mimi si mzima. Ni mama wa watoto wawili, nimestaafu upishi wa shule ya bweni, na kwa miaka yote niliyopika pale sikuona sahani ikirudi na kitu. Nayataja haya si kwa kujisifu, bali ujue unagombana na nani. Kitinda mimba wangu anafanya kazi ng'ambo, na ninyi ndio mnaompelekea chakula changu kikiwa kimegandishwa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Chakula kinafika. Nilipomkabidhi dada wa kaunta boksi la kwanza la mchuzi wa kuku, nilikuwa na matumaini ya kawaida ya mtu anayetuma mzigo: kwamba utachelewa, utapasuka, au utafunguliwa njiani na mwenye njaa. Dada yangu anaishi mji wa jirani tu, na sijawahi kumtumia maandazi yakafika yote. Ninyi mmeuvusha mchuzi bahari, mkaushusha ndege hii na kuupandisha ile, ukafika mgumu kama jiwe, kifuniko hakijalegea, hata jani la giligilani halijahama nilipoliweka. Mwanangu akanipigia simu akisema eti ni kama nimeupakua sasa hivi. Nikasema Mungu mkubwa. Kumbe nashangilia msiba wangu mwenyewe.

2. Hamu yake ya nyumbani mmeimaliza. Mtoto huyu hakuwa anakuja likizo kwa ajili ya sura yangu. Namjua, nimemzaa. Alikuwa anakuja kwa ajili ya sufuria. Akishuka kwenye teksi anapita sebuleni, baba yake amenyoosha mkono wa salamu, yeye huyoo jikoni, anafunua vifuniko. Mwaka wa kwanza huko ng'ambo alikonda, mashavu yakaingia ndani, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu mtoto aliyekonda hurudi. Kisha jirani yangu tunayemwita Mama Redio akaniletea habari za kampuni yenu, nami nikadhani namsaidia mtoto. Likizo iliyopita alisema kazi zimembana. Likizo hii amesema anapumzika. Anapumzika, Ndugu Meneja! Na akipumzika anakula nini? Mchuzi wangu. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi janga nimelichuma, nimelipika, nimewaletea mlipakie, na anayelila ameshanona.

3. Amenunua friza. Si lile la kwenye jokofu la kuwekea barafu. Ni la kulala, la buchani, lenye mfuniko wa kuinuliwa kwa mikono miwili. Amenitumia picha amesimama kando yake, mkono juu ya mfuniko, anatabasamu kama bwana harusi. Ndani vyombo vyangu vimepangwa, na mwandiko wangu unasomeka: maharage, samaki, kuku, kuku, kuku. Dada yake alipoiona picha alisema mbona chumba chenyewe hakina hata kiti. Mtu akinunua kitanda anaweza kukiacha akasafiri. Mtu aliyenunua friza la namna ile, huyo amehamia.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Binti yangu, ambaye hunisomea barua kabla hazijatoka, amesema ni matusi, hata kama ni ya kweli.

5. Kuku anaheshimiwa kuliko mimi. Boksi likishatoka mikononi mwangu mnanitumia ujumbe kila kituo: mzigo wako uko salama, joto lake liko chini ya sifuri. Nalijua joto la paja la kuku akiwa angani. Kuhusu mwanangu sipati ujumbe wowote, na nikimpigia anapokea mdomo umejaa. Nikasema basi, nimfuate mwenyewe. Nikaomba viza. Afisa, mtu mpole mwenye tai, akaniuliza nitathibitishaje kwamba nitarudi. Nikamwambia nimeacha sufuria jikoni, nikanyimwa. Ndugu Meneja, kuku wangu wamevuka mpaka uleule, boksi kwa boksi, na hakuna aliyewauliza kama watarudi. Wala hajarudi hata mmoja!

6. Mmeharibu mtaa mzima. Zamani mwaka ukikaribia kwisha, watoto wetu walikuwa wanaingia na masanduku, watu wanachungulia madirishani kuona nani kaja na mke. Siku hizi yanatoka maboksi yenu meupe tu. Fundi cherehani anatuma. Mwenye duka la vyuma anatuma. Hata dereva mstaafu wa nyumba ya kona, mgane asiyejua kukaanga yai, anamtumia binti yake maharage yaliyoungua, na binti anasema yanafika yakiwa yameungua vilevile. Sisi wazazi tunakutana kwenye mizani yenu, hapo ndipo tunapojuliana hali. Mume wangu naye amenuna. Anadai kuku wa nyumba hii anapanda ndege, yeye mwenye nyumba anaachiwa shingo.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mchague mojawapo kati ya haya:

(a) Boksi langu lisahauliwe juani, pale mnapopangia mizigo, kwa muda wa chai moja. Iwe chai ya watu wawili wanaopiga soga. Kuku aharibike vya kutosha kunuka, ila asiharibike kiasi cha kumdhuru mtoto. Mkiona hamjui kipimo, niiteni nije nisimamie.

(b) Au lipelekwe nchi nyingine kwa bahati mbaya, kwa watu wema wenye njaa. Vyombo virudi.

(c) Au mmwandikie mwanangu barua yenye muhuri, mkimweleza kuwa wataalamu wamegundua mchuzi huu haufai kuliwa isipokuwa mpishi awe amesimama karibu akisema ongeza, hujala.

(d) Yakishindikana yote, nipokeeni mimi kama mzigo wa kugandishwa. Nilimuuliza dada wa kaunta; alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona nimekuja na sweta. Nimeambiwa barafu yenu kavu inakata pumzi, basi acheni mfuniko wazi kidogo. Ile stika ya "upande huu juu" nitajibandika mwenyewe. Sitaongea njiani, ingawa mume wangu anasema hapo ndipo mpango wote utakapoharibikia. Nikifika, mwanangu atalifungua boksi kwa mikono yake, na sidai fidia nyingine. Naona haya kuliandika hili, lakini nimemkumbuka mtoto wangu, Ndugu Meneja. Nimemkumbuka mpaka nimeanza kuchukia kupika.

Nisalimie wote hapo ghalani: dada wa kaunta, bwana wa mizani asiyepunja hata kijiko, wale wanaozungusha selotepu, na marubani, ambao binafsi sina ugomvi nao. Mama yako kama yu hai msalimie sana. Mwendee, usimpigie simu.

Ni mimi mteja wenu, mwenye uchungu na adabu zake,

Mama Mchuzi
(ndivyo mnavyoniita mkidhani sisikii)

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mwanangu amepiga simu asubuhi hii, sauti haitoki. Koo limemvimba, amelala peke yake, friza limejaa na hakuna kitu humo anachoweza kumeza. Ameomba supu, ile nyepesi niliyokuwa nampikia akiumwa. Nimeipika, nimeigandisha, binti yangu anawaletea pamoja na barua hii. Hayo yote niliyoandika hapo juu achaneni nayo. Tafadhali wekeni barafu nyingi, zaidi ya kawaida yenu, jua lisiliguse boksi hata kidogo, na kama kuna ndege inayotangulia, liende na hiyo. Mtoto hajala tangu juzi.