Ombi la Kubadilishiwa Mashine ya Gemu

Kwa mwanangu, fundi simu,

KUHUSU: KIMASHINE CHA GEMU ULICHOTULETEA

Kichwa cha barua hapo juu chahusika. Mimi baba yako, karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja na sasa mstaafu, ni mzima, na mama yako ni mzima. Zawadi yako tuliipokea kwa mikono miwili. Nashukuru kwamba ulikumbuka nilivyosifika ujanani kwa mchezo wa ndege za angani, kwenye zile mashine za ukumbini za kutumbukiza sarafu. Hata hivyo, kupewa zawadi hakumzuii mtu kulalamika, na mimi nina malalamiko matano.

1. Uzito. Mashine ya ukumbi wa michezo ilikuwa na kimo cha kabati la nguo, na ilibebwa na wanaume wanne. Kitu cha namna ile hata ukikipita tu unajikuta unakiamkia. Hiki chako nilikibeba kwa mkono mmoja kama mkate. Mama yako alikiweka kabatini pamoja na sahani, nikakitafuta siku mbili.

2. Kukaa. Mashine kubwa huchezwa kwa kusimama, damu ikitembea. Hiki kinaunganishwa na televisheni na kuchezewa kochini. Nikifika raundi ya tatu usingizi unanichukua, nikizinduka nakuta ndege zangu zote zimeshatunguliwa. Daktari alinishauri nipunguze kukaa. Sisemi kwamba unataka kuniua. Naandika tu ili iwe kwenye kumbukumbu.

3. Vibonye. Kule kulikuwa na mpini wa kujaza kiganja na vibonye vya kupigwa ngumi. Rimoti zako mbili zina vibonye kama punje za mahindi. Nilitaka kufyatua kombora, nikabadilisha lugha ya televisheni. Wiki nzima mama yako ametazama taarifa ya habari kwa lugha asiyoijua, na anasema dunia imetulia kidogo.

4. Mashahidi. Ukumbini, ukishinda, watu walikuwa wamejaa nyuma yako hadi mlangoni. Juzi nililitungua lile dubwana la mwisho la mchezo, na shahidi pekee alikuwa msoma mita ya umeme. Alinipongeza kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mita.

5. Hili ni zito, na nisingependa dada yako alisome. Unajua kwamba mama yako ndiye aliyekuwa akiuza sarafu za mchezo pale ukumbini, kwenye kidirisha chenye nondo. Mashine yangu ilielekeana na kidirisha chake. Kila nilipoinua macho, alikuwa akinitazama. Nilimpata kwa mashine ile, si kwa sura hii. Sasa tangu nistaafu tunashinda nyumba moja kama mafaili mawili ya rafu tofauti, yeye jikoni, mimi sebuleni. Nikimuuliza habari za asubuhi anasema nzuri, na hapo kikao kimefungwa. Kimashine cha kuingia kwenye mfuko wa plastiki hakiwezi kumtoa mtu jikoni.

Kwa hiyo naomba utununulie mashine kubwa, yenye mipini miwili, tusimame bega kwa bega. Vipimo nimeshachukua. Mlango wetu umepungua upana wa viganja viwili, basi ung'olewe pamoja na fremu yake. Makochi yatoke, wageni watasimama, na mgeni aliyesimama huaga mapema. Friji ihamie kwa jirani, maana soketi ya maana ni moja, na mama yako akienda kuchukua maziwa atarudi na habari za mtaa. Ukuta wa chumba cha kulala nao sioni kazi yake. Dari inaweza kubaki, ingawa seremala hajatoa neno la mwisho.

Msalimie mkeo, wajukuu wote kuanzia mkubwa hadi yule anayetambaa, mafundi wenzako, na wateja wako wenye subira.

Nasubiri utekelezaji kwa heshima zote,

Baba yako,
Karani Mstaafu

Nakala: Faili

N.B. Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha mama yako alipotaka kuisoma, kwa kuwa maisha yote yeye ndiye husahihisha tahajia yangu. Aliisoma akiwa amesimama, bila kucheka. Kisha akasema alikuwa akinitazama kwa sababu nilikuwa naipiga mashine ngumi, na meneja alikuwa amemwagiza aandike majina ya wapigaji wote. Nikamuuliza kama jina langu aliliandika. Akasema hapana, hakuliandika hata siku moja. Akafuta mikono, akaketi kando yangu kochini, akachukua rimoti ya pili na kuuliza kibonye cha kufyatulia ni kipi. Hayo yalikuwa baada ya chakula cha mchana. Sasa jua limeshuka hadi dirishani na amenishinda mara nne. Mashine kubwa usinunue. Ukiichunguza vizuri, haina mahali pa watu wawili kukaa. Tuletee betri tu, za rimoti yake zinakaribia kuisha. Siwezi kuandika zaidi, anasema namchelewesha.