Suti Nyeusi kwa Mpiga Besi

Jamani, leo nimejiaibisha, tena nikiwa na suti na tai. Nawaandikia nikiwa kitandani, shuka limefika masikioni.

Mnajua ule ugonjwa wangu wa bendi ya Uingereza, The Rented Coats. Makoti ya Kukodi. (Hamuijui. Hata Uingereza hawaijui.) Vijana wanne wenye magitaa, albamu moja, halafu wakatawanyika. Nikiwa kidato cha tatu Nakuru, mwalimu wa kujitolea kutoka huko alituachia kaseti yao. Wenzangu waliisikiliza mara moja wakarudi kwa rumba. Mimi nimetembea nayo Mombasa, Juba, Dubai, na sasa hapa Doha ninakoendesha gari la watu. Miaka yote hiyo sijawahi kukutana ana kwa ana na mtu mwingine anayeipenda. Hata mmoja. Ninayeishi naye chumbani, Wafula, ambaye ni mlinzi, huiita muziki wa watu wenye mafua.

Ndipo mwaka jana nikapata kikundi chao mtandaoni. Watu kumi na tisa dunia nzima, na msimamizi wake, Madam Fiona, yuko papa hapa Doha! Ni mwalimu, anaishi kule The Pearl, mtaa wa wenye nazo. Nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu waliopotea.

Jumatatu Madam Fiona akaweka picha kikundini. Ya rangi nyeusi na nyeupe. Colin, mpiga besi, kijana mwembamba mwenye nywele za kufunika jicho moja. Chini yake jina lake kamili, halafu mwaka, kistari, mwaka. Chini zaidi: Ijumaa saa tisa alasiri, nyumbani kwangu, walio Doha karibuni tumuenzi. Watu wakajibu kwa mioyo na mikono iliyofumbatwa.

Sasa niambieni ukweli. Wewe Mkenya, uliyekulia nyumba yenye gazeti, ukiona picha ya namna hiyo unafikiria nini? Kwetu mtu hawekewi kistari akiwa mzima.

Niliketi kitandani nikainamisha kichwa. Wafula akauliza, "Kuna nini, mzee?"

"Colin ametuacha."

"Colin yupi?"

"Wa besi."

"Pole sana, ndugu yangu." Akazima redio yake ya mpira. Halafu akasema, "Msibani huendi peke yako. Ijumaa niko off, nitakusindikiza."

(Kuuliza kikundini amekufa vipi? Thubutu! Kwetu huulizi. Unavaa, unakwenda.)

Usiku wa siku tatu nikaandika wasifu. Kurasa mbili. Nilimtafutia maneno mazuri yule kijana kuliko niliyomwandikia mjomba wangu.

Leo (hapa ibada ni Ijumaa) tumetoka kanisani Mesaimeer tukiwa tayari na suti nyeusi. Tukapitia dukani tukanunua maua meupe, Wafula akayafunga utepe wa zambarau. Joto lilikuwa linatupika. Kufika kwenye jengo la Madam Fiona, kijana wa mapokezi, Mganda, alitutazama, akatazama maua, akasimama.

"Poleni sana, wazee wangu."

"Tumeshapoa, asante."

Hata vitambulisho hakuomba. Akatuitia lifti mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa na Madam Fiona. Amevaa fulana ya bendi. Nyuma yake, maputo. Nikajiambia, wazungu huomboleza kivyao, usihukumu. Wafula akaninong'oneza, "Kuna keki."

"Ni mila yao. Nyamaza."

Ndani kulikuwa na watu kama wanane. Walinipokea vizuri mno! Walinijua kwa jina, wakaniuliza habari za kaseti, mmoja akataka kupiga picha nami. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama katika chumba ambacho kila mtu anaijua ile bendi. Moyo ulinijaa. Nikaapa kwamba leo siwezi kuwaangusha watu hawa. Lazima waone kwamba huyu dereva ni mwenzao kamili.

Mzee mmoja mwenye upara na kitambi cha heshima akatuletea juisi. Mpole, hana maneno mengi. Wafula akamshika mkono kwa mikono miwili, akauinamia. "Mungu awape nguvu." Yule mzee akasema asante, kwa adabu, huku akiutafuta mkono wake. (Haya yote yalikuwa kwa Kiingereza, nawatafsiria.)

Nikamuuliza, "Wewe ulimfahamu Colin?"

Akafikiri. "Kiasi. Si vizuri kama ningependa."

"Sote tungependa kuwa na muda zaidi naye," nikamwambia, nikampigapiga bega.

Akaniangalia kidogo. Akaenda kutafuta kisu cha keki.

Madam Fiona akagonga glasi. "Kabla ya lile jambo nililowaficha, kuna anayetaka kusema neno juu ya Colin?"

Watu wakachekacheka kwa haya. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. "Naomba tusimame sote, kwa dakika moja ya ukimya."

Wakatazamana. Lakini Waingereza bwana, ukiwaambia wasimame wanasimama! Hata yule mzee alisimama, kisu mkononi, kichwa chini.

Nikatoa karatasi zangu nikasoma. Kwamba redio ya babangu ilikuwa na spika moja iliyopasuka, haitoi sauti ya mwimbaji wala magitaa ya juu, inatoa besi tu. Kwamba kwa miaka minne nilidhani The Rented Coats ni mtu mmoja, na mtu huyo ni Colin. Kwamba nilipopata redio nzuri na kumsikia mwimbaji, niliona anamwingilia Colin kazini. Kwamba nimelala katika vyumba vingi vya miji mingi, na usiku ambao sikujua niko wapi, besi ile ilinionyesha pa kukanyaga asubuhi.

Wafula alianza kulia. Si machozi ya kuiba, hapana. Kilio kamili, cha kwao Bungoma, cha mtu aliyefiwa na kaka. Nikamalizia:

"Hayati Colin, lala salama. Na kama ameacha mjane, Mungu amfariji, popote alipo."

Madam Fiona akainua mkono polepole. "Mjane ni mimi."

"Oh! Pole sana, mama. Sikujua!"

"Asante. Lakini marehemu ndiye huyo mwenye kisu."

Jamani.

Nikamtazama yule mzee. Akanipungia kisu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai.

Kumbe hilo ndilo jambo alilotuficha! Mumewe ndiye Colin, anafundisha hisabati hapa hapa, na Madam Fiona alitaka kumtambulisha leo kwa mashabiki. Ile miaka miwili chini ya picha ilikuwa ya kuingia bendini na kutoka bendini.

Kilio cha Wafula kikakatika kama bomba lililofungwa. Akanisogelea. "Si ulisema amekufa?"

"Nyamaza."

"Nimelia bure?"

"Wafula!"

"Basi haya maua nampa nani?"

Hapo ndipo chumba kizima kilipopasuka. Mama mmoja alikaa chini kwenye zulia akicheka. Nilikunja kurasa zangu, nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Niliwaza, miaka yote unawatafuta watu wako, unawapata saa tisa, saa kumi kasorobo umewapoteza. Rudi chumbani kwako Umm Salal ukaendeshe gari la watu.

Colin akanifikia kabla sijafika mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni kwa kicheko au vipi.

"Miaka minne hukumsikia mwimbaji kabisa?"

"Kabisa. Nisamehe, mzee."

"Nisamehe nini? Hivyo ndivyo nilivyotaka dunia nzima itusikie!" Halafu akashusha sauti. "Unajua, hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno moja juu ya ile besi. Hata mwimbaji. Nipe hizo karatasi."

Nikampa. Akaomba kalamu, akakata neno "hayati" mahali pote lilipokuwa, mara sita, akazikunja, akazitia mfuko wa shati. Kisha akanikatia kipande cha kwanza cha keki. Tumekaa hadi Maghrib tukibishana juu ya wimbo upi ni bora, nami nilibishwa bila huruma, kama ndugu anavyobishwa. Wafula alipiga picha na marehemu mara tatu.

Naombeni msicheke, sijapoa bado. Ila ukiwa na maneno mazuri juu ya mtu, mpigie simu kwanza. Akipokea, mwambie. Asipopokea, tulia. Huenda yuko bafuni.