Kinyozi Amepumzika

Jumatatu, 4 Mei

Siku mbaya! Mashine ya kunyolea imenifia mkononi, katikati ya kichwa cha mwalimu wa hesabu. Nusu imenyolewa, nusu msitu. Sababu siijui. (Naijua. Mafuta ya mashine yaliisha, nikaitilia ya kupikia. Lakini hilo tusiliseme.)

Nilimwambia mwalimu kwamba huo ndio mtindo, vijana wote siku hizi wananyoa hivyo. Akajitazama kwenye kioo. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Akasema yeye si kijana. Akavua shuka langu, akavuka barabara kwenda kumaliziwa kwa Marashi! Mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama.

Marashi ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Jina lake halisi sina haja nalo. Akimaliza kunyoa humpulizia mteja manukato shingoni, na watu wazima na akili zao wanatoka pale wakinukia kama maharusi. Upuuzi mtupu. Na wanarudi tena!

Jioni akapita Bibi mwenye nyumba. Akasema Marashi anakitaka chumba changu cha kona ili apanue kazi, na yeye hapendi chumba chake kikae kimelala. Wiki ikiisha bila yeye kuona kichwa cha mtu kwenye kiti changu, basi. Nimenyolea kona hii tangu sijaoa! Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi, unatutosha wote wawili.

Jumanne, 5 Mei

Mke wangu amekwenda kwa dada yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alinisihi nimwendee Marashi, nimwombe kwa heshima aniazime mashine, maana anazo mbili. Nikacheka. Mimi nimpigie magoti yule?

Badala yake nikaenda kumpeleleza. Nilitaka tu kuona anatumia mafuta gani. Nikavaa koti la mvua la shemeji na kofia mpaka kwenye nyusi. Jua lilikuwa kali, lakini kazi ya upelelezi ina mateso yake. Sijavuka kizingiti, Marashi akanipokea kwa sauti. Karibu jirani, mbona umejifunika hivyo, una homa? Akanikalisha. Akaniletea maji ya kunywa. Akanipulizia manukato kabla sijakataa.

Nimenukia kutwa. Hata paka wa jirani amenikimbia. Mafuta sikuyaona.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata mpango! Nitajifungia chumba cha nyuma cha duka, niitengeneze mashine mwenyewe kimyakimya. Kwa fundi wa umeme siendi. Ni binamu yake Marashi, na mdomo wake hauna mlango.

Shida ilikuwa kibao cha kutundika mlangoni. Nimekesha na maneno. "Amefunga": watadhani nimefilisika. "Amesafiri": Bibi atauliza wapi, na kwa nauli ya nani. "Anaumwa": watakuja kunijulia hali na kunikuta na bisibisi mkononi. Nilitaka neno fupi, la kweli, lenye adabu. Kumepambazuka nikalipata!

KINYOZI AMEPUMZIKA.

Nimeliandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa; kibao nitakitundika usiku, rangi ikikauka. Dirishani nimetundika shuka jeusi, mtu asichungulie. Simu nimeizima. Akili kama hii inapotea bure kwenye vichwa vya watu.

Alhamisi, 7 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa chumba cha nyuma, mashine imetawanyika sakafuni, skrubu moja imejificha kwa makusudi. Nikasikia muuza mboga anapiga ukelele mlangoni. Nikajua ameona panya. Kumbe ukelele ukazaa mwingine. Miguu. Watu wakakusanyika nje. Mmoja akasema juzi tu alikuwa mzima. Mwingine akasema ndivyo dunia ilivyo.

Aliyekufa ni nani? Roho iliniuma. Nilitaka kutoka nikatoe pole, lakini ningeonekana, na mpango ungeharibika. Nikatega sikio.

Walimsifu marehemu, we! Muuza mboga akasema hakuwahi kumkaripia mtoto hata mmoja, hata wale wanaopiga mateke. Mlinzi wa ghala, mzee wa watu, akasema marehemu alimhudumia bure tangu mkewe afariki, na kila mara alijifanya amesahau kudai. Mwalimu wa hesabu akasema marehemu alikuwa na maneno mengi, lakini ukitoka kwake mzigo wako wa moyoni umepungua.

Nikaona wivu. Naandika kama nilivyohisi: nilimwonea wivu marehemu! Nikajiuliza ni mtu gani huyo katika mtaa huu, na kwa nini mimi hakuna anayenisema hivyo.

Ndipo fundi bomba akasema kwa kilio kwamba alama ya wembe aliyoachiwa sikioni sasa ataitunza kama ukumbusho.

Sikio lile nalijua. Nililikata mimi.

Nikarudi nyuma kutafuta pa kukaa. Nikakaa juu ya skrubu. Ndiyo ile niliyokuwa naitafuta.

Mtu mwenye busara angetoka palepale. Mimi nikawaza nisubiri kidogo, huenda kuna sifa nyingine. Zikaja. Bibi mwenye nyumba akasema kona ile hatampa mtu yeyote, mjane akitaka aikalie. Na Marashi! Marashi alilia kwa sauti mpaka watu wakaanza kumbembeleza. Akasema siku alipofungua kazi hakuwa hata na kiti, na aliyemwazima kiti cha kwanza ni mimi.

Kile kiti kilikuwa kibovu mguu. Nilimpa makusudi, kimwangushe. Kumbe alikipiga msumari akakitunza miaka yote hii. Nilificha uso kwa aibu, ingawa nilikuwa peke yangu.

Wakaanza kuulizana mwili uko wapi. Fundi bomba akasema bila shaka ndugu wamekwisha kuuchukua. Nilikuwa natafuta njia ya kufufuka polepole, kwa heshima, labda kupitia dirisha la uani. Mara nikasikia sauti ya mke wangu. Muuza mboga alimtumia habari, naye akapanda gari la kwanza. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, akaliita jina langu kama anavyoliita anapotaka nimfungulie mlango, mikono yake imejaa.

Hapo mpango ulikufa kweli. Nikafungua mlango nikatoka. Nilikuwa nimejifunga shuka jeupe la kunyolea, uso umejaa poda, maana kopo lilinipasukia nilipokuwa nikitafuta skrubu. Watu walitimua mbio! Muuza mboga aliacha ndala zake. Fundi bomba akaruka mtaro ambao tangu mwaka jana anasema hawezi kuuruka kwa sababu ya mgongo.

Mke wangu hakukimbia. Alinipiga kofi. Kisha akanishika shingo akalia hadi shuka likalowa, nami nikalia pamoja naye. Ningejua napendwa hivi, ningekuwa mtu mwema tangu zamani.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Niliwarudishia unga, sukari na mkaa waliovileta msibani. Wote wamekataa. Mlinzi wa ghala alisema alichokileta kwa maiti, mzima na akile. Mwalimu wa hesabu alinieleza taratibu, kama mwanafunzi wa mwisho darasani, kwamba ningeandika "yuko mapumzikoni" nisingemuua mtu. Bibi mwenye nyumba alinisema mpaka akachoka, akaomba maji, akanywa, akaendelea. Mwisho akauliza kama maiti itaweza kunyoa watu kesho, maana wiki haijaisha.

Nilirudi dukani kichwa chini. Mezani nikakuta mashine ya pili ya Marashi, imetiwa mafuta, waya umekunjwa vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni. Akasema niitumie mpaka nitakapopata yangu, na akaongeza, kwa haya, kwamba kunyoa bila mpinzani wa kumtazama ng'ambo hakuna raha.

Nilikuwa na majibu kumi ya kejeli. Nikasema asante. Nikasema tena. Akanipulizia manukato, nami nikamwachia.

Jumamosi, 9 Mei

Foleni hadi kwa muuza mboga! Kila mtu anataka kunyolewa na marehemu. Wengine hata nywele hawana, wamekuja kunishika mkono wajue kama una joto. Bibi mwenye nyumba ameona vichwa, akaridhika, akasema kona ni yangu. Mke wangu ameketi mlangoni akicheka na watu, nami kila nikimtazama nashindwa kunyoa mstari ulionyooka.

Nashukuru. Kwa mtaa huu, kwa mwanamke huyu, kwa jirani yule. Nimekuwa mtu mpya. Hila nimeziacha kabisa.

Jumapili, 10 Mei

Nimeamka kabla ya jogoo. Leo mjukuu wa Bibi anaoa mtaa wa pili, na mtaa wetu mzima umealikwa. Kumnyoa bwana harusi ameahidiwa Marashi. Lakini Marashi amesema atafika saa tatu! Nikiwahi saa moja na mashine yake hii nzuri, atakuta kichwa kimekwisha, na harusi nzima itajua ni kazi ya nani. Si hila. Ni kuwahi tu. Na manukato ya Marashi nilichota kidogo jana, nimpulizie bwana harusi.

Mke wangu bado amelala, sitamwamsha. Simu nimeizima, Marashi asije akanitafuta. Shuka jeusi nimelirudisha dirishani, jua lisipaushe kiti. Kilichobaki ni wateja kujua nimekwenda mbele yao, nao wanifuate harusini wakiwa tayari. Mara hii nimechagua neno kwa makini sana, lisilo na utata wowote. Rangi bado mbichi, lakini linasomeka kutoka mbali:

KINYOZI AMETANGULIA.