Sabufa Sirudishi

Nimeumbuka leo. Sebuleni kwangu hapa Igogo, mbele ya kamati nzima ya harusi, kwa spika nilizokwenda kuzichagua mwenyewe kwa masikio yangu mwenyewe. Nawaandikia nikiwa nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani bado wanacheka na mimi sina mpango wa kuwaongezea soda.

Nieleze mimi kabla Mama Kabula hajaeleza. Mama Kabula alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yangu Vero, na jambo likishaingia kwenye simu yake linafika Butimba kabla chai haijapoa.

Harusi ilikuwa mwezi uliopita. Leo tulikuwa tunavunja kamati: watu tuliohangaika pamoja tunakaa, tunakula, tunaangalia video ya harusi, tunaagana vizuri. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ifanyike kwangu. Nilikuwa na sababu yangu.

Sababu ni nasaha. Siku ya harusi, mimi kama baba wa bibi harusi nilitoa nasaha nzito. (Nilifanya mazoezi bafuni mpaka jirani akaikariri.) Hakuna aliyesikia, kwa sababu foleni ya chakula ilikuwa imeshaanza. Kisha akasimama Mzee Bundala, baba wa bwana harusi, mfugaji wa Misungwi, mtu mwenye kifua cha kubeba ndama. Akasema maneno machache, akaanza kulia. Kulia kabisa, na leso. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na nasaha yangu ikazikwa hapo hapo.

Sasa mlitaka ninyamaze? Mwezi mzima nimemtania. Akipiga simu tu, naanza: "Mzazi mwenzangu, umeamka umekauka?" Nimemtangazia kila mtu pale Kirumba ninapofanya kazi kwamba sisi watu wa Ukerewe tunaozesha mabinti na macho yanabaki makavu. Hilo ndilo jina nililokuwa nimejijengea. Kaeni nalo, kwa sababu ndilo lililobomoka.

Fundi wa video aliponiletea flashi, niliichomeka kwenye TV. Spika za TV yenyewe ni dhaifu. Nasaha yangu ilisikika kama naongea nikiwa ndani ya mtungi, na sehemu ya kukata keki ilikuwa na muziki na muungurumo fulani tu. Nikaamua: kabla ya kuvunja kamati nanunua hom thieta. Safari hii watu watasikia, na Mzee Bundala atakuwepo.

Nikaenda mjini kwa Dada Hansa. Familia yake inauza redio tangu baba yangu akiwa kijana. Nilikuta wateja wengine wanachagua sabufa kwa mdundo: inawekwa sakafuni, inapigwa muziki, wanaangalia kama suruali inatikisika. Mimi nikakaa pembeni nikiwaonea huruma. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi. Naweka sikio, nakuambia ndani kunauma wapi. Sichagui kitu kwa suruali.

"Kaka, wewe unataka ya mdundo au ya kusikia?" Dada Hansa akaniuliza.

"Ya kusikia. Nataka mtu akinong'ona, asikike."

"Una uhakika? Wengi hawazipendi hizo. Ikiwa safi sana inakutolea hata usichokitaka."

"Dada Hansa, we washa. Masikio niachie mimi."

(Niliyasema hayo kwa sauti kubwa. Mashahidi wapo.)

Akanitolea seti: sabufa ya kukaa chini, spika mbili ndefu za mbele, ndogo ya katikati kwa ajili ya maneno, na mbili za kutundika ukutani nyuma ya watu. Akanieleza kwamba muziki unakaa mbele, halafu vitu vidogo vidogo, mvua, nyayo za mtu, mlango unaofunguliwa, vinatokea nyuma. Nikampa flashi yangu tujaribie. Nasaha ikatoka. Jamani, nilisikia mpaka pumzi ninayovuta kabla ya kusema "mwanangu". Wateja wa mdundo wakageuka, mmoja akasema, "Huyo mzee anajua kuongea." Nikatazama dari kama simjui huyo mzee.

Dada Hansa akasogeza mbele hadi kwenye keki, apime muziki. Akainamisha kichwa upande. "Huku nyuma kuna kitu kinanguruma."

"Jenereta la ukumbi," nikamwambia. "Zima. Nifungie hii hii."

Sikukisia. Nilisema kama fundi wa injini.

Nyumbani mke wangu alizipokea spika kwa kuzivika vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye maua ya njano. Ndivyo alivyo. Kitu kikikaa sebuleni kwake bila kitambaa, anaona kiko uchi. Nikavivua vyote.

"Mama Vero, hivi vinaziba sauti."

"Na vumbi je?"

"Vumbi halina nasaha."

(Nilijiona nimesema neno la maana sana.) Akavikunja, akaviweka juu ya kabati la TV, akasema, "Haya." Wenye ndoa mnaijua hiyo "haya". Ningemsikiliza, muda huu ningekuwa ndani nakula kuku.

Mchana kamati ikajaa. Vero akaja na mume wake Shija, wakatushika mikono, shikamoo baba, shikamoo mama, nyumba ikachangamka. Mzee Bundala nilimpa kiti kizuri kuliko vyote, chini ya spika ya nyuma. Nilifanya makusudi. Nilitaka nasaha ya mwanaume mwenye macho makavu imwingie sikioni bila kizuizi.

Nikawasha. Nasaha yangu ikaijaza sebule. Watu walinyamaza na sahani mikononi. Mama Kabula akatikisa kichwa. "Kumbe uliongea mambo mazito hivi? Sisi tulikuwa kwenye foleni ya nyama." Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikasahau kukaa.

Kisha ikaja zamu ya Mzee Bundala kwenye video, na leso yake. Nikasimamisha picha hapo hapo. "Mzazi mwenzangu, nikuletee ndoo?" Wakacheka. Mzee Bundala akatabasamu, akaendelea kutafuna taratibu.

Hapo ningezima. Mwenye akili angezima. Mimi nikampa Shija rimoti, nikamwambia aendeleze.

Keki ikaja. Kwenye skrini Vero anamlisha mumewe, muziki mtamu unatoka mbele. Na ukutani, juu ya kichwa cha Mzee Bundala, jenereta likaanza. Likanguruma. Likasita. Likavuta pumzi. Nikatega sikio, maana nimefungua injini za kila aina na sijawahi kuona jenereta linalovuta pumzi.

Halafu jenereta likasema: "Vero, mwanangu. Sasa nani atanishikia tochi?"

Ni maiki. Fundi wa video alinibana maiki ndogo kwenye koti kabla ya nasaha, na baada ya nasaha hakuna aliyekumbuka kuitoa, mimi nikiwa wa kwanza kutokukumbuka. Nilipoaga meza kuu kwamba nakwenda kuangalia gari, nilikwenda nyuma ya ukumbi kwenye matanki ya maji. Maiki nilikwenda nayo. (Gari sina.)

Na tochi ni hivi. Tangu Vero akiwa darasa la pili, nikifungua injini giza likiingia, ni yeye anayenishikia tochi. Wengine wote wananimulika machoni. Yeye anamulika nati, na nikihamisha mkono, mwanga unahama na mkono bila kuambiwa. Mtu wa namna hiyo anaondoka nyumbani siku moja, na gauni jeupe, mnapiga vigelegele.

Basi spika zikaendelea, safi kabisa, kwikwi moja moja. Halafu nikapenga kamasi. Sabufa, ambayo mchana wote ilikuwa imetulia kwa adabu, ikaona kazi yake imefika. Glasi zilisogea mezani. Bati la jirani wa mlimani juu yetu likaitikia.

Nikaikamata rimoti iliyokuwa mezani, nikabonyeza kila kitu. Ilikuwa ya king'amuzi.

Ikaingia sauti ya mama mpishi: "Baba Vero, unaumwa?"

Ikafuata yangu: "Hapana. Ni moshi."

"Moshi gani? Mbona tunapikia gesi?"

Afadhali wangecheka muda ule. Mzee Bundala akaweka sahani chini, akageuza shingo akaitazama spika, kisha akanitazama mimi.

"Mzazi mwenzangu," akasema polepole, "hebu rudisha nyuma kidogo. Hapo kwenye moshi."

Ndipo walipoanguka. Mama Kabula alianguka kweli, kutoka kwenye stuli.

"Huyo si mimi," nikasema.

"Umetajwa jina," akasema Mzee Bundala.

"Akina Baba Vero ni wengi Mwanza hii."

"Wote walikuwa nyuma ya ukumbi ule?" akauliza Mama Kabula akiwa bado sakafuni.

Na Shija, kijana niliyempa binti yangu kwa moyo mweupe, ndiye aliyerudisha nyuma. Akarudisha tena. Kwenye kamasi akaongeza sauti.

Nikaingia nyuma ya kabati la TV kuchomoa waya. Nikainama kule kwenye giza, waya zote nyeusi, nikijifanya natafuta hitilafu. Sikutafuta kitu. Niliona aibu, na sikujua nitatokaje. Nilikuwa naangalia kama mtu anaweza kulala huko.

Mara mwanga ukashuka kwenye mikono yangu. Ukatua kwenye plagi kabisa, machoni haukunigusa. Nilimjua kabla sijageuka.

Vero alikuwa amepiga magoti na kitenge chake kipya, simu mkononi, tochi imewaka.

"Endelea, baba," akasema. "Nimeshika."

Sasa naomba muelewe: nyuma ya kabati lile kuna vumbi jingi. Mke wangu mwenyewe aliuliza habari ya vumbi, nimewaandikia hapo juu. Likaniingia machoni, yote mawili, na halikutoka haraka. Waya nilikuwa nimeushika lakini siuoni. Mkono mzito ukapita juu ya kabati, ukaniletea kitambaa kimoja cha kufuma chenye maua ya njano.

"Chukua hiki, mzazi mwenzangu," akasema Mzee Bundala. "Leso yangu nayo imelowa."

Nikakichukua. Nilikuwa na vumbi, ningefanyaje?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na Mama Kabula akiandika tofauti ni mambo yake. Siku ya harusi sikulia, ulikuwa moshi wa gesi. Leo sikulia, lilikuwa vumbi. Nasaha yangu imesikika, na hilo ndilo nililolipia. Spika za nyuma nimekubali zivikwe vitambaa, tena viwili viwili. Jumamosi Vero anakuja Kirumba kunishikia tochi, kuna injini imenishinda. Sabufa sirudishi, Dada Hansa asinisubiri.

Msinicheke. Na aliyeshindwa kujizuia, acheke kwa sauti ya TV.